Orodha ya Wasio na Mtu

Jumatatu, 3 Novemba

Basi la kampuni limechelewa tena. Tumesimama kando ya barabara hapa Al Qusais tangu saa kumi na nusu alfajiri, walinzi kumi na wanne wa sare moja, kisha dereva anafika akipiga honi na kutuambia yalla, yalla. Sisi ndio wa kuharakishwa.

Leo lango namba mbili. Ghala la vipuri, Freezone, eneo la biashara lisilo na ushuru. Kupekua mifuko ya watu wakiingia, kupekua mifuko ileile wakitoka. Miguu inawaka moto na zamu bado saa tano.

Lakini sina hasira leo. Naliandika hilo maana halitokei mara nyingi. Mama yuko Dubai, siku ya nne sasa. Analala kwa Bi Nuru, yule mama wa Kizanzibari anayekaa majengo mawili kutoka kwetu, ambaye mwanawe ni karani hapa Freezone na ndiye aliyenisaidia kupata viza. Kwetu kwenye nyumba ya wafanyakazi mgeni haruhusiwi kupita ngazi ya kwanza, hata awe mama mzazi. Na akipita atakaa wapi? Tuko sita chumbani.

Tiketi ni yangu ya likizo. Kampuni hutoa tiketi ya kwenda nyumbani kila mkataba wa miaka miwili ukiisha. Ya kwanza niliomba nipewe hela badala yake, tukaezeka nyumba ya Mama. Hii ya pili nikaomba igeuzwe: mimi nibaki, yeye aje, akae mwezi mmoja. Sir wa ofisini alinitazama kama naumwa. Akasaini. Kwa hiyo sitaliona boma letu hadi mkataba mwingine uishe, na hapo itakuwa miaka sita. Sawa. Mama ana miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, ningengoja nini?

Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilimpeleka Al Barsha kwenye duka lile kubwa, akaona watu wanateleza kwenye theluji ndani ya nyumba. Akauliza nani huwa anaipalilia. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Halafu tulipita kwenye hoteli anakofanya kazi Mercy, mwenzangu wa chumbani, yule anayefungulia wageni mlango. Mercy akasema nimpige Mama picha. Mama alikuwa amevaa gauni la Bi Nuru lenye uzi wa dhahabu. Mercy akamvika miwani yake, akamsimamisha kando ya gari jeupe la mgeni na kumpa funguo ashike mkononi. Funguo za kabati langu. Kwenye picha huwezi kujua.

Nimeiweka kwenye status. "Mama yangu akila maisha. Mungu ni mwema."

Jumanne, 4 Novemba

Watu mia moja na zaidi wameiona. Wote tuliosoma nao shule ya msingi. Hata Wayua wa dukani, ambaye hunijibu akitaka. Leo ameandika, "Waa! Tukumbuke pia sisi."

Raha imenijaa kifuani. Naikubali, nilitaka waone.

Alhamisi, 6 Novemba

Kioko, mdogo wangu, amenipigia saa ya chakula. Sijamaliza chakula.

Jana kulikuwa na baraza kijijini. Huwa linaitishwa kuhakiki orodha ya pesa za wazee, zile za serikali. Naibu chifu husimama na karatasi, husoma majina mbele ya watu wote, na mwenye pingamizi huinua mkono. Mama amekuwa kwenye orodha hiyo miaka mitatu. Ndizo zinazonunua dawa yake ya magoti na unga wake, mimi mwezi wangu ukiwa mbaya. Na miezi yangu mibaya ni mingi.

Jina la Mama liliposomwa, Wayua akainua mkono, na mkononi alikuwa na simu. Picha yangu ikapitishwa mstari kwa mstari. Naibu chifu mwenyewe akavaa miwani yake akaikuza. Gari, gauni, funguo. Akasema, "Kwa hivyo huyu ndiye maskini wetu?" Watu wakacheka. Jina likakatwa kwa kalamu nyekundu.

Orodha ya mwisho itasomwa tarehe tatu Desemba. Hapo ikipitishwa, imepita.

Nimetamani kuvunja kitu. Kilichokuwa karibu ni meza ya kampuni. Nimeipiga teke na sasa kidole kimevimba.

Ijumaa, 7 Novemba

Hasira haijashuka. Nimepekua mifuko leo kwa namna ambayo msimamizi amenivuta kando akaniuliza madam, una shida gani. Shida yangu iko kilomita elfu kadhaa na ina duka la kuuza sukari.

Eti mtu anayepokea pesa za wazee anawezaje kupanda ndege kwenda ng'ambo. Hilo ndilo swali lililoulizwa barazani, Kioko amenisimulia neno kwa neno. Nalijibu hapa maana hakuna aliyeniuliza mimi. Anaweza, akiwa na mtu aliyeacha kwenda kwao. Anaweza, mwanawe akisimama langoni saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka miwili, kisha tiketi yake aandikishe jina la mtu mwingine. Hakuna hata senti moja ya serikali iliyopanda ndege ile. Maskini akionekana anacheka wanataka kumpekua mifuko! Ni lazima akae kitandani akikohoa ndipo waamini? Wanataka awe kwenye giza, awe na kiraka, na akipewa kitu kizuri akifiche chini ya mto.

Wapumbavu.

Mama sijamwambia. Nilipita kwa Bi Nuru jioni, nikamkuta anachambua mchele, wanasimuliana na Bi Nuru mambo ya zamani, kila mmoja na Kiswahili chake. Nilikaa dakika kumi nikasingizia uchovu. Bi Nuru alinisindikiza mlangoni. Nikamweleza yote.

"Mwende mwanangu," akaniambia, "hebu tuliza moyo kwanza. Mwenyewe umeshamuuliza?"

Nikamjibu kwamba sitaki kumwumiza. Akatikisa kichwa tu, akaniwekea vitumbua kwenye mfuko.

Jumapili, 9 Novemba

Anajua. Alijua tangu Alhamisi, Kioko ana mdomo.

Nilidhani nitamkuta analia. Nimemkuta ameoga, amejipaka mafuta, ananiuliza leo tunaenda wapi. Nikaanza kusema Mama, pole, nitapigana nao, nitapiga simu hadi kwa mkuu wa wilaya. Akasema, "Wacha tu, Mwende." Akataka twende tena Al Barsha. Akataka picha nyingine.

Nilikataa. Nilimwambia picha ndiyo imetuletea haya yote. Tukaenda kutembea karibu na kituo cha treni tu, akanunuliwa juisi ya miwa, akairudisha nusu.

Amejikaza ili nisiumie. Ndivyo alivyo. Baba alipofariki pia alisema wacha tu. Inaniudhi zaidi kuliko kama angelia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia naibu chifu. Mara nne hakushika. Mara ya tano akashika.

Niliapa nitaongea kwa heshima. Nikaongea kwa heshima kama dakika moja. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Madam supavaiza, mimi nafanya nini? Orodha ni ya wasio na mtu wa kuwaangalia. Wewe mwenyewe ndiye ulituonyesha gari." Nikamwambia gari si letu. Akasema basi niwaambie watu, si yeye, kwa kuwa watu ndio walioinua mikono. Niandike kwenye grupu la kijiji, wote waone, na pingamizi likiondolewa atarudisha jina.

Madam supavaiza. Anajua anachofanya.

Jumatano, 12 Novemba

Niandike ukweli hapa kwanza, nione kama mkono utakubali.

Mimi si supavaiza. Sijawahi kuwa. Mwaka wa kwanza Mama aliniuliza kwenye simu kazi ni gani, jirani walikuwa wamekaa naye, nikasema nasimamia ghala. Si uongo sana, nasimama kwenye ghala. Baadaye Kioko akasema supavaiza, na mimi nikaacha iwe hivyo. Nikaanza kupiga picha kwenye ofisi ya msimamizi akienda kula. Kiti chake, kompyuta yake, koti lake. Nimemwona Mercy akifanya hivyohivyo kwenye ukumbi wa hoteli, na wasichana wengine wote wa chumbani kwetu. Tunaazimana mikoba. Kuna mkufu mmoja ambao umeshapigwa picha shingoni mwa watu wanane. Nyumbani wanatuona kama mabinti wa mfalme na sisi tunagombania ndoo ya kufulia.

Kwa hiyo Wayua hakudanganya. Aliamini nilichomwambia. Naibu chifu naye aliamini. Nimewatukana wiki nzima na mwenye kosa ni mimi na Mercy na funguo za kabati.

Hilo limenikasirisha kuliko yote. Nilikuwa nimeshaizoea hasira yangu, ilikuwa na mtu wa kumwendea.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeandika saa ya chakula, nimekaa kwenye ndoo nyuma ya kibanda cha langoni. Nimefuta mara sita. Nilichotuma ni hiki, nainakili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema vizuri zaidi:

"Wazazi na ndugu wa kijiji chetu. Mimi ni Mwende. Gari mliloliona si la Mama wala si langu. Gauni aliazimwa. Funguo ni za kabati. Mimi ni mlinzi wa lango, napekua mifuko, nalala chumba cha watu sita. Mama alikuja kwa tiketi yangu ya likizo, ndiyo maana mimi sijaja nyumbani. Niliwaonyesha maisha ambayo sina. Msimwadhibu mama yangu kwa makosa yangu."

Nikaambatanisha picha mbili. Kitanda changu, kile cha juu, na nguo zimeanikwa pembeni. Na mimi langoni na sare, bila kutabasamu.

Halafu lori likapiga honi nikaenda kufungua.

Ijumaa, 14 Novemba

Grupu limewaka. Kuna waliocheka na kuweka vile vikaragosi vya machozi. Kuna mwalimu wangu wa darasa la sita aliyeandika "Pole binti yangu, kazi ni kazi." Kuna mmoja ameuliza hadharani kama naweza kumtafutia kazi ya kupekua mifuko. Wayua ameandika, "Ungesema tu." Maneno mawili. Nimeyasoma mara ishirini na bado sijui kama ni pole au ni kofi.

Saa tisa naibu chifu akaandika kwamba pingamizi limeondolewa na jina la Mama limerudi.

Nimeshinda! Najisikia kama nimevuliwa nguo sokoni, lakini nimeshinda. Jumapili nitamwambia Mama mwenyewe, uso kwa uso. Nimemwonya Kioko afunge mdomo.

Jumapili, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Bi Nuru alikuwa jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni. Nikamwambia habari, nikamsomea nilichoandika, nikamwonyesha picha ya kitanda. Nilisoma nikitabasamu kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri.

Alichukua simu, akaitazama ile picha ya kitanda muda mrefu. Akauliza, "Unapanda huko juu kwa ngazi?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama naanguka. Nikasema hapana.

Kisha akaniuliza nani alinituma.

Sikuelewa. Nikasema Mama, nimekurudishia pesa zako. Ndipo akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo, hata tulipokuwa wadogo. Hakupaza sauti. Aliongea Kikamba polepole, na nayaandika nilivyoyasikia.

Alisema, "Wewe umewahi kukaa kwenye baraza hilo? Naibu chifu anaanza kwa kusema, hawa ni wazee wasio na mtu. Halafu anasoma. Jina lako likisomwa unasimama, watu wote wanakugeukia, unasema nipo. Miaka mitatu nimesimama. Nimezaa watoto wawili, wako hai, na ninasimama mbele ya watu nasema nipo, mimi ni yule asiye na mtu. Kioko alipoanza kuniambia jina limekatwa, nilimwuliza kwa nini. Akasema wameona una mtu. Nililala vizuri siku hiyo."

Nikamwambia lakini gari halikuwa letu. Akasema, "Gari nililiona. Mimi si kipofu. Mtu aliyekuwa ameshika simu akinipiga picha, huyo alikuwa wangu au wa kuazima?"

Nikakasirika, maana ndilo jambo ninaloliweza. Nikamwambia fahari hainunui dawa, nikamwambia mimi ndiye niliyejivua nguo mbele ya kijiji kwa ajili yake na hata asante sipati. Nikaondoka. Bi Nuru aliniita kwenye ngazi, sikugeuka.

Jumanne, 18 Novemba

Mercy anasema niende nikaombe radhi. Nimemwambia aombe yeye, miwani ilikuwa yake.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekasirika na Mama. Nimekasirika na naibu chifu na kichwa cha karatasi yake, hicho cha wasio na mtu. Nani aliandika maneno hayo? Alikaa kwenye kiti gani? Kwani msaada hauwezi kutolewa bila mtu kusimamishwa aape kwamba ameachwa? Hapa mwajiri akitupa mchele wa Ramadhani tunapigwa picha tukiwa tumeshika mfuko na kuambiwa tucheke. Nilicheka. Ipo mahali picha hiyo.

Nimejikasirikia pia, lakini nimechoka nako.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeenda. Sikuomba radhi kwa maneno, tulikotoka watu hawasemi hivyo kwa mama zao, wanaleta kitu. Nilileta maembe ya ghali na dawa ya kuchua magoti. Nilimchua mguu mmoja kisha mwingine. Aliponiona nasinzia alinivua viatu.

Bi Nuru akasema, "Mwacheni huyu alale, kachoka maskini," akazima televisheni. Nililala pale kwenye mkeka hadi saa mbili na nusu za usiku, ikabidi nikimbie kabla geti la kwetu halijafungwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimebadilishana zamu ili nimsindikize. Uwanja wa ndege. Mama na sanduku la kuazima kwa Bi Nuru na koti langu. Bi Nuru amemfungia halua na kanga mbili, wakalia wote wawili kama waliokua pamoja.

Kwenye foleni nilijaribu tena. Nikamwambia Mama, tarehe tatu uende barazani, usikose, ukiitwa uitike, tutaongea mengine baadaye. Alinirekebisha kola. Akasema atakwenda.

Nilimtazama hadi akapita kwa wale wa pasi. Mlinzi wa pale, Mganda, alimfungulia mkoba akaupekua kwa upole. Nilitaka kumshukuru lakini alikuwa mbali.

Jumatano, 3 Desemba

Sikukuu ya taifa hapa. Bendera kila mahali. Ghala limefungwa, langoni niko peke yangu na paka.

Kioko amepiga simu saa sita. Mama alikwenda barazani kama alivyoahidi. Akakaa mstari wa mbele, na lile koti langu, ingawa kulikuwa na joto. Naibu chifu akasoma kichwa cha karatasi, kisha majina. La Mama lilikuwa la saba.

Akalisoma. Mama akanyamaza. Naibu chifu akainua macho, akamwona amekaa pale, akalisoma tena kwa sauti zaidi. Watu wakamgeukia. Kioko alitaka kuitikia kwa niaba yake, Mama akamshika mkono. Likasomwa mara ya tatu. Mama alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani, kama anayesikiliza jina la mtu asiyemjua. Anayeitwa mara tatu asiitike huhesabiwa kwamba hayupo. Naibu chifu alingoja kidogo, halafu akakata.

Niliingojea hasira. Haikuja.

Nimempigia baadaye. Ameniambia mvua imenyesha vizuri, kunde zimeota, Kioko ameanza kupalilia. Magoti yana nafuu. Baraza hakulitaja, nami sikuliuliza. Nimemwambia dawa yake nitaituma mimi kila mwezi, na unga pia.

Akasema, "Sawa, Mwende." Kisha akaniuliza kama nimekula.